Dumuzi na Adui Yake

Wasomaji wetu wa Tabora hawana haja ya kuelezwa dumuzi ni nani. Ni yule mdudu mdogo wa rangi ya kahawia iliyokoza, urefu wake haufiki nusu ya sentimita, mwenye umbo la kipande cha kijiti, ambaye huingia katika kihenge kilichojaa mahindi na kuacha unga. Watu wengine walimpa jina la Scania, kwa kuwa waliona nguvu zake za kuharibu zafanana na nguvu za lori kubwa la jina hilo. Jina ni la mzaha, lakini hasara yake si mzaha hata kidogo. Wataalamu waliopima mahindi ya wakulima wa magharibi ya Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuta kwamba, baada ya kukaa ghalani miezi 3 hadi 6, mahindi yalikuwa yamepungua uzito karibu asilimia 9 kwa wastani, na penye hasara kubwa kabisa asilimia 34. Asilimia 34 maana yake ni gunia moja katika kila magunia matatu. Muhogo mkavu uliumia zaidi: katika majaribio ya miezi 4, makopa yaliyoliwa na dumuzi yalipoteza zaidi ya nusu ya uzito wake.

Yafaa tuzitazame hesabu hizo kwa macho ya mwenye nyumba. Mahindi huvunwa mvua zikiisha kukatika, na chakula hicho kinapaswa kufika hadi mavuno mengine. Mwezi wa Novemba, mvua zinapoanza na watu wanashika jembe, ndipo chakula kinapotakiwa zaidi. Akifungua kihenge wakati huo akakuta vumbi, atalima kwa nguvu gani? Wengine, kwa kumwogopa dumuzi, huuza mahindi yao mara tu baada ya kuvuna, wakati bei iko chini, kisha hununua chakula hicho hicho kwa bei ya juu kabla mwaka haujaisha. Hivyo mdudu huyu huwapunja hata wale ambao hajaingia katika ghala zao.

Leo twapenda kuwaeleza wasomaji namna moja ya kupigana naye, nayo ni kumtafuta adui wa asili wa mdudu mharibifu na kumpeleka alipo. Watu wengine husikia habari hii wakadhani kazi imekwisha, kwamba mdudu atamla mdudu nao wakae barazani. Wengine huiogopa, wakisema, “Tumeletewa mdudu mmoja, sasa tunaletewa wa pili.” Wote wawili wahitaji kuelezwa sawasawa.

WASAFIRI WATATU

Tabora ni mji wa njia panda. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika Unyanyembe, na hapo njia ziligawanyika: moja ilikwenda Ujiji penye Ziwa Tanganyika, nyingine kaskazini hadi Karagwe na nchi za Ziwa Viktoria. Wapagazi wa Kinyamwezi walijulikana kila mahali kwa uhodari wao. Walichukua pembe, nguo, shanga na chumvi. Lakini pamoja na mizigo iliyohesabiwa, njia huchukua pia mizigo isiyohesabiwa na mtu.

Mfano mmoja mkubwa ni funza, yule anayeingia miguuni. Zamani hakuwako Afrika. Alifika pwani ya Angola mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazil, akafuata njia za misafara katikati ya bara, na kabla karne ya 19 haijaisha alikuwa amekwisha kufika pwani ya mashariki na Unguja. Hakuna aliyemwalika. Alisafiri katika nyayo za watu.

Basi tufikiri habari za mahindi na muhogo. Mazao haya tunayoyaita chakula chetu nayo ni wageni, maana asili yake ni Amerika. Yaliletwa Afrika kwa meli za Wareno karne nyingi zilizopita, yakaenea bara hata yakawa wenyeji. Yalipovuka bahari, wengi wa wadudu wanaoyala huko kwao walibaki nyuma. Kwa muda mrefu babu zetu waliyalima bila kuwajua wadudu hao. Huyo ndiye msafiri wa kwanza: zao.

Msafiri wa pili ni mdudu anayelifuata zao. Dumuzi asili yake ni Meksiko na nchi za Amerika ya Kati. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wakulima wa mkoa wa Tabora walianza kuona uharibifu wasioufahamu, na mwaka 1981 wataalamu walitangaza kwamba ni dumuzi. Hapa Tabora ndipo mahali pa kwanza katika Afrika nzima alipotambuliwa. Kutoka hapa alifuata magunia ya mahindi barabarani na katika reli. Mwaka 1983 alionekana Kenya, huko Taveta. Afrika ya Magharibi nayo ilimpata mgeni huyo: mwaka 1984 alitambuliwa Togo. Tangu hapo ameenea katika nchi nyingi za bara letu.

Msafiri wa tatu ni adui wa mdudu huyo. Naye hakuja. Hapo ndipo ulipo msingi wa somo letu. Mdudu anapokaa katika nchi yake ya asili, wako viumbe wengine wanaomla yeye, mayai yake au watoto wake, na hivyo idadi yake hupunguzwa kila siku. Anaposafiri peke yake na kufika penye chakula tele, bila adui zake, huzaana pasipo kizuizi. Wataalamu wanaokwenda kumtafuta adui huyo na kumleta wanajaribu kurudisha mizani iliyovunjwa na safari.

MIFANO MIWILI YA KUTUFUNDISHA

Mambo haya si mageni katika Afrika ya Mashariki. Wakulima wa minazi wa Unguja na pwani wawajua maji moto, wale sisimizi wekundu wakali wanaoshona majani ya mti na kufanya viota. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtaalamu M. J. Way alichapisha uchunguzi alioufanya Unguja juu yao. Ilionekana kwamba minazi yenye maji moto wengi huepukana na kunguni wa minazi, anayefyonza vidaka na kuviangusha kabla havijawa nazi. Kumbe yule mdudu anayemuuma mkwezi ndiye mlinzi wa nazi zake! Lakini maji moto nao wana adui, maana wako sisimizi wengine wa ardhini wanaowafukuza minazini. Kwa hiyo anayetaka kusaidiwa na maji moto hana budi kujua nani humsaidia na nani humpinga.

Mfano wa pili ni kidung'ata wa muhogo, mdudu mweupe kama aliyenyunyiziwa unga, anayekunja na kudumaza ncha za muhogo. Naye alitoka Amerika ya Kusini. Mwaka 1973 alitambuliwa katika nchi ya Kongo, na katika miaka michache akaenea mbali, akitishia chakula cha mamilioni ya watu. Katika miaka ya 1980 alifika Tanzania pia. Kunyunyiza dawa katika kila shamba la muhogo la Afrika hakukuwezekana, wala mkulima mdogo hakuwa na fedha za kuinunua. Wataalamu walimtafuta adui yake huko Amerika, wakampata Paraguay mwaka 1981. Ni nyigu mdogo sana, asiyeweza kumuuma mtu. Nyigu huyo hutaga yai ndani ya mwili wa kidung'ata. Yai likianguliwa, mtoto wake humla kidung'ata kwa ndani hata amwue. Taasisi ya kimataifa ya kilimo iliyoko Ibadan, Nigeria, ndiyo iliyoiongoza kazi ya kuwalea nyigu hao na kuwaachia katika nchi nyingi za Afrika, na Tanzania ikiwa mojawapo. Kidung'ata alipungua mno karibu kila mahali. Hans Rudolf Herren, aliyeisimamia kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

Yatupasa tuone kwa nini nyigu alifaulu vizuri hivyo. Kidung'ata hukaa shambani, nje, juu ya mmea ulio hai, na nyigu aweza kumfikia wakati wote. Kila mwaka vita ni ile ile, mahali ni pale pale. Dumuzi ana maskani mawili, na jambo hilo hubadili hesabu yote.

MWINDAJI WA DUMUZI

Adui wa dumuzi ni mdudu mweusi mwenye kung'aa, mfupi kuliko dumuzi mwenyewe, wa milimita 2 tu au zaidi kidogo. Wataalamu humwita kwa Kilatini Teretrius nigrescens. Sisi tutamwita mwindaji. Naye asili yake ni Amerika ya Kati na Meksiko. Huingia katika matundu yanayochimbwa na dumuzi, akala mayai na watoto wake. Mtoto wa mwindaji naye hula watoto wa dumuzi kwa makumi kabla hajakua.

Ajabu ni jinsi anavyompata. Dumuzi dume akigundua chakula kizuri hutoa harufu ya kuwaita wenzake. Mwindaji naye huisikia harufu hiyo hiyo, akaifuata. Mwito wa karamu humleta mwuaji mlangoni. Wataalamu wamejifunza kuitengeneza harufu hiyo na kuitia katika mitego, ili wahesabu dumuzi walioko mahali fulani na kujua kama wanaongezeka au wanapungua.

Mwindaji huyo aliachiwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Baadaye aliletwa Tanzania pia. Matokeo yake yasemwe kwa ukweli, bila kuyakuza wala kuyadharau. Katika sehemu kadha wa kadha zenye joto dumuzi walipungua sana katika mitego. Katika nyanda za juu zenye baridi mwindaji hakufanikiwa vile. Wala mahali popote hakummaliza dumuzi kabisa. Mkulima aliyeacha kihenge chake wazi kwa kumtumainia mwindaji aliweza bado kupoteza chakula chake.

Sababu zake ni mbili. Ya kwanza, dumuzi ni mdudu wa miti kabla ya kuwa mdudu wa mahindi. Huishi porini katika matawi makavu na hutoboa mbao, na nchi yetu ya miombo haikosi matawi makavu. Kutoka huko huruka kuja vijijini. Ya pili, mwindaji huzaana polepole kuliko dumuzi. Wakati wa joto dumuzi huweza kutoka yai hata kuwa mzima kwa muda wa mwezi mmoja tu. Akiisha kuingia katika kihenge kilichojaa, huzaana mbio hata mwindaji asiweze kumfikia. Na mwindaji akiisha kuongezeka, mahindi yamekwisha kuwa unga.

Kwa hiyo twaweza kusema kwamba mwindaji ana lindo lake, nalo ni pori. Huko huwapunguza dumuzi mwaka mzima, ili wanaoruka kwenda vijijini wawe wachache. Hiyo si faida ndogo, maana anamfanyia kila mkulima bila malipo, hata yule mjane asiye na fedha ya dawa. Lakini lindo la kihenge limebaki kwa mwenye kihenge.

HOFU YA MGENI WA PILI

Sasa tuwajibu wale wenye hofu. Hofu yao si ya kipumbavu. Katika miaka ya 1890 kunguru wa Bara Hindi waliletwa Unguja ili wale takataka za mji. Walizikuta takataka, lakini walikuta pia vifaranga, mayai na ndege wadogo, wakavila vyote. Kisha wakavuka kwenda bara, na mpaka leo ni kero katika Dar es Salaam na miji mingine. Aliyewaleta alitaka usafi. Lakini hakuuliza kwanza kiumbe huyo hula nini kingine.

Swali hilo ndilo linalotenganisha kazi ya hekima na kazi ya haraka. Kunguru hula kila kitu. Nyigu wa kidung'ata hawezi kuishi bila kidung'ata. Mwindaji wa dumuzi naye alichunguzwa kwanza, akajaribiwa kwa vyakula na wadudu wengine, ili ijulikane kama atageuka kuwa hatari, kabla ya kuruhusiwa kuachiwa. Kwa sababu hiyo twawaonya wasomaji: mtu asichukue mdudu, samaki, ndege wala mche kutoka nchi nyingine na kuuingiza kwa siri, hata kama ameambiwa kwamba una manufaa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo. Lakini mgeni huulizwa atokako, na mwenyeji mwenye busara humtazama kabla ya kumwonyesha ghala.

KAZI YA MWENYE KIHENGE

Basi mkulima afanye nini? Mambo yenyewe si mengi, lakini yataka bidii.

Kwanza, mahindi yakaushwe barabara, kisha yapukuchuliwe kabla ya kuhifadhiwa. Desturi yetu ya zamani ilikuwa kuyaweka pamoja na magunzi yake, na zamani desturi hiyo ilitosha, maana adui mkubwa alikuwa fukusi. Dumuzi hupendelea punje zilizoshikwa katika gunzi, kwa sababu hazitikisiki anapozitoboa. Punje zilizopukuchuliwa humsumbua. Twajua kwamba kazi ya kupukuchua huwaangukia zaidi akina mama, juu ya kazi nyingi walizo nazo. Haifai baba wa nyumba aseme, “Mama watoto atapukuchua,” kisha aondoke. Chakula ni cha wote. Kupukuchua na kuwe kwa wote, hata vijana wa kiume.

Pili, kihenge au ghala lisafishwe kabisa kabla ya kutia mavuno mapya. Masalio ya mwaka jana yasichanganywe na mahindi mapya, maana punje chache zenye dumuzi zatosha kuwa mbegu ya maangamizi. Nguzo na mbao za ghala nazo zikaguliwe, kwa kuwa dumuzi hujificha katika mti.

Tatu, kama dawa ya unga inatumika, iwe ile iliyopasishwa kwa nafaka na kwa kipimo kilichoandikwa. Katika miaka ya 1980 ilionekana kwamba dawa moja peke yake haikutosha: pirimifosi-methili humwua fukusi lakini dumuzi huihimili, na permethrini humwua dumuzi lakini fukusi huihimili. Ndiyo maana zilichanganywa pamoja katika unga mmoja. Mtu asitie dawa ya pamba au ya tumbaku katika chakula cha watoto wake. Tena akumbuke kwamba dawa haichagui. Huua rafiki pamoja na adui. Itiwe katika nafaka inapohitajika, isimwagwe ovyo kando ya nyumba na vichakani, ambako nyuki wetu wa Tabora hutafuta asali yao.

Nne, mwenye uwezo atumie mifuko isiyopitisha hewa. Mahindi makavu yakifungwa sawasawa humo, wadudu hukosa hewa wakafa bila dawa. Lakini mfuko uliotoboka ni gunia tu. Uwekwe mbali na panya na ukaguliwe mara kwa mara.

Tano, kijiji kifanye kazi pamoja. Mtu mmoja akisafisha ghala lake na majirani zake watano wakiacha masalio ya dumuzi nyuma ya nyumba, yule mmoja atasumbuka bure. Wazee wa kijiji na bwana shamba wakiweka siku moja ya kusafisha vihenge vyote kabla ya mavuno, watakuwa wamefanya zaidi kuliko debe la dawa.

NJIA BADO I WAZI

Mtu asidhani kwamba habari hizi ni za zamani. Mwaka 2017 mgeni mwingine wa Amerika, kiwavijeshi vamizi, alithibitishwa katika Tanzania, naye hula mahindi yangali mabichi shambani. Tena hapo hapo wachunguzi waliona jambo la kutia moyo: katika Ethiopia, Kenya na Tanzania wako nyigu wadogo wa nchini ambao wameanza kumshambulia mgeni huyo, ingawa hakuna aliyewafundisha. Mkulima anayepiga dawa kali kila anapoona jani moja limetobolewa huwaua pia nyigu hao, na mwishowe hubaki peke yake na kiwavi.

Misafara ya wapagazi imekwisha, lakini Tabora ingali njia panda. Reli ya kutoka Dar es Salaam iliyofika hapa mwaka 1912 bado yapita kwenda Kigoma, na malori yanashusha magunia kila siku. Lolote litokalo mbali laweza kuwa na msafiri ambaye jina lake halikuandikwa katika hati ya mzigo. Anayenunua mahindi sokoni alifungue gunia na kulitazama kabla ya kulipa, atikise punje, aangalie unga. Akikuta vumbi na matundu, asiyapeleke nyumbani na kuyamwaga juu ya mahindi yake. Na akiona mdudu asiyemjua shambani, amchukue katika chupa ampelekee bwana shamba siku hiyo hiyo. Wakulima wa mkoa huu ndio waliokuwa wa kwanza Afrika kuonja hasara ya dumuzi. Wafaa wawe wa kwanza pia kumtambua mgeni ajaye.